Tulikwenda Rumangabo Kusoma Nyama

Wanafunzi wa elimu ya wanyama wa porini hawasomi darasani tu. Kila mwaka hutolewa chuoni wakapelekwa mahali wasipopajua, walale hemani, waamke alfajiri, wahesabu nyayo na vinyesi, hata mwisho waandike kwa mikono yao mambo waliyoyaona kwa macho yao. Wenzetu waliotutangulia walikuwa wamepelekwa kisiwani Mafia, kuwakesha kasa wapandao mchangani kutaga mayai. Walirudi weusi kwa jua na wamejaa maringo. Sisi, mwezi wa Julai 2017, tulipewa nchi ya ugenini: Kongo, na katika Kongo mahali paitwapo Rumangabo.

Nyumbani habari hiyo haikupokewa kwa vigelegele. Kongo ya Mashariki, kwa asikiaye redio tu, ni nchi ya bunduki, na mama wa mmoja wetu alikaa siku mbili bila kusema na mtu. Mwalimu wetu aliwajibu wazazi kwa maneno machache: wanyama hawachagui kukaa penye amani, basi atakaye kuwajua hana budi kuwafuata waliko.

Safari yenyewe ilikuwa ya basi, na mwenye kuzoea mabasi ya nchi zetu hahitaji kusimuliwa. Tulipita Nairobi na Kampala, tukapanda milima ya Kabale kwa mizunguko mingi, tukalala Kisoro. Asubuhi tukavuka mpaka pale Bunagana, kwa miguu, kila mtu na mzigo wake kichwani au mgongoni. Toka hapo motokaa ya kukodi ikatushusha mpaka Rutshuru, kisha tukageuka kusini kwa njia iendayo Goma. Udongo ni mweusi, kwa kuwa ni majivu ya milima ya moto. Maharagwe, mahindi na migomba humea kana kwamba mtu ameyavuta kwa mkono. Kushoto kwetu Mikeno, wenye mita 4,437, ulikuwa umejifunika wingu, na haukujifunua mpaka siku ya tatu.

Rumangabo ni mbili. Moja ni kambi kubwa ya jeshi, ambayo kila aliyepigana vita katika Kivu ya Kaskazini ameitamani. Ya pili, karibu yake, ni makao makuu ya Hifadhi ya Virunga: nyumba za mawe chini ya miti mirefu, na juu ya miti hiyo kima na mbega weupe kwa weusi, warukao tawi hadi tawi wasijali wala jeshi wala hifadhi. Usiku wa kwanza tuliona wekundu angani upande wa kusini, tukadhani kijiji kinaungua. Kumbe ni Nyiragongo, ambayo siku zile ilikuwa na ziwa la moto kileleni mwake. Mlinzi wa zamu alitucheka kwa adabu.

Hifadhi hii ndiyo mzee wa hifadhi za taifa zote za Afrika. Iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa Wabelgiji, ikapewa jina la Mfalme wao Albert. Jina la Virunga ililipata mwaka 1969. Eneo lake lapata kilomita za mraba 7,800, toka milima hii ya moto mpaka theluji ya Ruwenzori. Ilipokuwa ikipanuliwa miaka ile ya kwanza, watu walihamishwa katika mashamba yao, na wajukuu wao hawajasahau. Jambo hili tuliliandika katika daftari siku ya kwanza kwa mstari mmoja, tukadhani limekwisha.

Jioni ile mwalimu alitusomea habari za wasomi waliotutangulia. Mmarekani Carl Akeley, aliyewaomba Wabelgiji wawahifadhi ngagi, alifia kwenye miteremko ya Mikeno mwaka 1926 akazikwa mahali paitwapo Kabara. Mwaka 1959 alifika hapohapo Kabara kijana George Schaller, akakaa kimya miongoni mwa ngagi miezi mingi, akawaonyesha watu kwamba mnyama huyu asemwaye muuaji ni mla majani mpole. Kisha mwanzoni mwa 1967 akaja Dian Fossey, naye Mmarekani. Julai mwaka ule, nchi ikiwa imechafuka kwa uasi wa askari wa kukodiwa, wanajeshi walipanda wakamteremsha toka mlimani, akawekwa kizuizini hapa Rumangabo yapata majuma mawili, mpaka alipopata hila ya kuvuka hadi Kisoro. Septemba uleule akaanzisha kituo chake cha Karisoke upande wa Rwanda, na elimu ya ngagi isomwayo vitabuni ikahamia ng'ambo pamoja naye. Sisi tulikuwa tumelala Kisoro juzi yake tu. Njia ya Fossey tuliijia kinyumenyume!

Hapo (na neno moja kwa msomaji wa pwani, ambaye huenda amekwisha kutatizika: sisi kwetu nyani mkubwa asiye na mkia humwita sokwe, bila kupambanua. Watu wa Kivu hupambanua. Yule mdogo apigaye kelele mitini ni sokomutu; yule mkubwa wa milimani ni ngagi.) mlinzi aliyepewa kazi ya kutuongoza, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo, ambaye tokea siku ile tulimwita Baba, aliuliza kama kitabu cha mwalimu chasema ni nani aliyemwonyesha yule binti namna ya kufuata nyayo. Mwalimu akasema ndiyo, chasema: aliitwa Sanwekwe, mlinzi wa hifadhi. Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyelipwa deni dogo.

Alfajiri ya siku ya tatu tulikwenda Bukima, penye kituo cha walinzi chini ya Mikeno. Lakini kabla ya kuondoka palitokea msiba wetu wa kwanza. Mwenzetu mmoja, yule ambaye mama yake alinyamaza siku mbili, aliamka na mafua. Sheria haina huruma katika jambo hili: ngagi ni ndugu wa karibu mno wa mwanadamu kwa mwili, hata mafua yetu madogo yaweza kumwua. Siku zile kila mtu alipaswa kuvaa kitambaa mdomoni, kusimama mita saba mbali, wala asikae nao zaidi ya saa moja. Na mwenye mafua haendi kabisa. Alisihi. Mwalimu akakataa. Tukamwacha amekaa juu ya jiwe, daftari magotini, kama mtoto aliyenyimwa sikukuu.

Tulitembea saa tatu, kwanza mashambani, kisha tukavuka ukuta mdogo wa mawe, na hatua moja tu nyuma yake msitu ukaanza. Hapana mpaka mkali kama huo popote tulipopita: mguu mmoja katika viazi, mwingine katika upupu na mianzi. Baba alitangulia na panga lake. Tuliyemtafuta kwanza hakuwa ngagi bali kitanda chake.

Maana ngagi halali mara mbili mahali pamoja. Kila jioni aliyekwisha kukua hukunja majani na matawi chini yake akajifanyia kiota kipya, na kila asubuhi hukiacha, mara nyingi pamoja na kinyesi ndani yake. Mtoto anyonyaye hulala katika kiota cha mama. Basi atakaye kuihesabu jamii asiyoweza kuiona yote mara moja, katika msitu ambamo hatua kumi ni giza, na ahesabu vitanda. Tulipofika penye malalo ya jana tulitawanyika kwa furaha, tukahesabu, tukalinganisha madaftari. Tisa.

“Hesabuni tena, wanangu,” akasema Baba.

Tukahesabu tena. Tisa. Akatuita kwenye kichaka tulichokipita mara mbili, akafunua majani: kiota cha kumi, kikubwa, na ndani yake nywele chache nyeupe. Ni cha dume mzee mwenye mgongo wa fedha, akasema, aliyejitenga hatua kadhaa ili alinde njia. Kinyesi chake chapita sentimita saba kwa upana, tukapima, kikapita. Kisha akaturudisha kwenye kiota tulichokwisha kukiandika kuwa cha mmoja, akaokota kijiti, akatuonyesha kando ya kinyesi cha jike kingine kidogo kama gololi. Hapo walilala wawili. Jamii ni watu kumi na mmoja, akasema. Tuliona haya kusahihisha neno lake. Tuliandika: kumi na mmoja.

Saa moja baadaye tuliwakuta wenyewe. Hatutajaribu kueleza sana. Walikuwa wakila. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya kuvunja mabua na kutafuna. Dume alituangalia, akatugeuzia mgongo, na mgongo ule mpana mweupe ulitufundisha kwa dakika moja tulivyo si kitu. Kitoto kilipanda mwanzi, mwanzi ukavunjika, kikaanguka juu ya mama yake, naye hakuacha kula. Mmoja wetu alikuwa akilia ndani ya kitambaa chake, akadai baadaye kuwa ni upupu.

Mwaka 1981 ngagi wa milima hii ya Virunga, katika nchi tatu za Kongo, Rwanda na Uganda, walikadiriwa kuwa yapata 250 tu. Hesabu ya 2015 na 2016, iliyotangazwa 2018, ilipata 604. Hesabu hiyo yote ilifanywa na watu kama Baba, waliopita msituni kwa mistari, wakihesabu vitanda na kuokota vinyesi.

Siku iliyofuata tulionyeshwa mambo ambayo hayako katika hesabu. Ndani ya Rumangabo kuna mahali palipozungushiwa ua, paitwapo Senkwekwe, kwa jina la dume mmoja wa jamii ya Rugendo. Mwezi wa Julai 2007 watu wenye bunduki waliingia msituni usiku wakamwua Senkwekwe pamoja na majike kadhaa wa jamii yake. Hawakuchukua nyama, wala mikono, wala watoto. Wanakijiji waliwabeba wafu kwa miti mabegani, na picha ya msafara ule ilizunguka dunia nzima. Wengi waliochunguza waliyahusisha mauaji hayo na biashara ya makaa: pasipo ngagi, hapana sababu ya kulinda msitu, na pasipo mlinzi, miti ni ya mwenye shoka.

Tuliwaona pale ua mayatima wawili wa mwaka ule, Ndakasi na Ndeze, wakati ule wakiwa na umri wa miaka kumi hivi. Ndakasi alipatikana Juni 2007 akiwa na miezi miwili, ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Mlinzi André Bauma alimlaza kifuani pake usiku kucha ili asife kwa baridi, na tangu hapo akawa mzazi wake. Mayatima hawa hawawezi kurudishwa msituni. Tulibishana kidogo kama waweza kuitwa wanyama wa porini, na kama yafaa kuwaandika. Mwalimu akasema tuandike tulichokiona. Kisha tukapita penye makaburi ya ngagi, kila kaburi na kibao chake, na juu ya kibao jina.

Basi turudi kwa mwenzetu wa mafua, ambaye hakuja Bukima. Alipochoka na jiwe lake alitoka nje hadi kando ya njia kuu, akamkuta mama mmoja auzaye ndizi mbivu na makala, kama waitavyo kule makaa. Wakaongea. Mama akamwuliza kazi yake, naye akaeleza kwa Kiswahili cha chuoni kwamba anasomea wanyama. Mama akashangaa sana. Akasema, nasi twaandika kama alivyotamka: “Mumetoka mbali yote ile juu ya kusoma nyama?” Maana kule mnyama na nyama ni neno moja, na mwenzetu alicheka, na mama akacheka, na kwa kicheko hicho wakawa marafiki.

Akamwambia mengi. Shamba la babu yake liko ndani ya hifadhi, na huliona likiwa msitu kila aendapo kuteka maji. Makala yake huyanunua kwa watu wajao usiku. Hajawauliza mti ulitoka wapi kwa sababu ajua ulikotoka. Gunia hupakiwa lori mpaka Goma, ambako karibu kila nyumba hupikia makala, na kandokando ya mji huteremka juu ya chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ambacho vijana hukisukuma na kukipanda kwenye mteremko. Mwisho akamwuliza swali moja. Mtoto wake wa kiume alikufa katika vita vya 2012, siku ambazo Rumangabo ilikuwa mikononi mwa waasi.

“Ngagi akikufa banamuzika, banamuandikia jina,” akasema. “Mutoto wangu alikufa ku vita. Nani alikuya?”

Mwenzetu hakuwa na jibu. Aliandika swali lile katika daftari, chini ya tarehe, mahali ambapo sisi wengine tulikuwa tumeandika vitanda.

Jioni mwalimu alisoma ukurasa ule kwa sauti, nasi tukagombana. Mmoja alisema si elimu ya wanyama. Mwingine alisema ndiyo elimu pekee tuliyoipata tokea Bunagana. Wa tatu akasema mama yule ni mwizi wa msitu. Wa nne akamwuliza yeye alipikiwa na nini chakula alichokila mchana. Tulipaza sauti hata mbega wakanyamaza. Baba alikuwa ameketi pembeni akifuta matope ya viatu. Tulipokwisha kuchoka akasema taratibu kwamba mama yule ni shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake. Mtoto aliyekufa ni mwana wa ndugu yake, yaani mwanawe. Na nyumbani kwake yeye mlinzi, akasema, wapikia makala pia. Hakuongeza neno. Akavaa viatu vyake akaenda zamu.

Tuliambiwa kuhusu mtambo wa umeme wa Matebe, uliofunguliwa Desemba 2015 kwa nguvu ya mto Rutshuru, wa megawati 13 na ushei, na tuliona kweli taa na mashine za kusaga zikienda. Yumkini umeme utafika jikoni siku moja. Tulipokuwa sisi ulikuwa umefika ukutani tu. Kuhusu viboko wa Ziwa Edward twasema kidogo, kwa kuwa hatukuwaona: njia ya Rwindi haikuwa salama. Miaka ya 1970 walizidi 25,000. Katikati ya miaka ya 2000, baada ya vita na bunduki nyingi, hawakufika 1,000. Kiboko hula nyasi usiku, mchana hunya ziwani, na kinyesi chake hulisha maji yamlishayo samaki. Wavuvi wa Vitshumbi waliyajua haya kwa nyavu zao kabla ya msomi yeyote kuyaandika.

Tuliondoka Rumangabo siku ya kumi na mbili. Baba alitusindikiza mpaka kizuizi cha njia, akampa mwenzetu wa mafua, ambaye alikuwa amepona, mkungu mdogo wa ndizi kutoka kwa shemeji yake.

Tarehe 24 Aprili 2020 tulikuwa tumekwisha kutawanyika, kila mtu na kazi yake, habari ilipotufikia. Walinzi waliokuwa wakirudi Rumangabo walikuta gari la raia limevamiwa njiani karibu na hapo, wakaenda kusaidia. Walikufa walinzi kumi na wawili, dereva mmoja, na raia wanne. Walinzi waliouawa katika hifadhi hiyo sasa wazidi mia mbili. Siku ile hatukujua majina. Tulipigiana simu toka Arusha hadi Mwanza hadi Kampala, na majina yalipotoka tuliyasoma mara mbili, jina kwa jina. La Baba halikuwamo. Tulimshukuru Mungu kwa sauti, kisha tukaona haya, kwa kuwa kila mmoja wa wale kumi na wawili palikuwa na nyumba ambamo aliitwa Baba.

Njia tuliyoipita nayo imebadilika. Bunagana ilitekwa na waasi Juni 2022, Rumangabo Oktoba uleule, na Goma yenyewe Januari 2025.

Barua ya mwisho tuliyopata kwa Baba ilikuja kwa simu, mwezi wa Oktoba 2021. Alitujulisha kwamba Ndakasi amekufa tarehe 26 Septemba, mikononi mwa Bauma yuleyule aliyemlaza kifuani, naye alikuwa na miaka kumi na minne. Kisha akaongeza kuwa huko Bukima jike moja limezaa. Alikuwa hajajua bado kama ni dume au jike, maana mama yake alimfunika kwa mkono, na mvua ilikuwa kubwa. Kesho yake angepanda kutazama tena.